GNU Go 3.8: inavyoshika sheria za marudio ubaoni

Mwenye laptopu ya mtumba ya RAM GB 4, zile zinazouzwa Arusha mjini, na bando la kuhesabu, programu ya GNU Go 3.8 inamtosha kuanzia Go, mchezo wa ubaoni wa kete nyeusi na nyeupe. Kwenye Ubuntu ni `sudo apt install gnugo`, na baada ya hapo haihitaji intaneti. KataGo, programu nyingine ya Go, inaizidi nguvu kwa mbali. Hapa tunapima jambo moja tu, inafanya nini ubao unapotaka kujirudia.

Ukiiwasha hivi hivi, inasimamia sheria ya ko ya kawaida tu. Ko ni mahali ambapo pande mbili zingeweza kulana kete moja moja bila mwisho, na sheria hiyo inakataza kuila papo hapo kete iliyokula yako. Ipime kwa `gnugo --mode gtp` (hali ya kuiendesha kwa kuandika amri), `boardsize 9`, `clear_board`. Panga nyeusi B3, C4, C2 na nyeupe C3, D4, D2, E3, kisha `play black D3`. Kete ya C3 inaliwa. Nyeupe akijaribu `play white C3` papo hapo, jibu ni `? illegal move`. Safi kabisa.

Tatizo ni ko tatu zikiwa wazi kwa pamoja. Kila mchezaji anakula ko nyingine, siyo iliyoliwa sasa hivi, na baada ya hatua sita ubao umerudi ulipoanzia bila sheria kuvunjwa. Kwa Wajapani mchezo kama huo hauna matokeo. Hapa dawa ni supako (sheria inayozuia ubao wa nyuma usirudi), na lazima uiombe mwenyewe. `--positional-superko` inakataza ubao wowote uliokwisha kuonekana. `--situational-superko` inakataza pale tu zamu nayo ikiwa ya mtu yule yule. Tofauti yake si ya vitabuni: mchezaji anaongeza kete ziwe mbili, zinaliwa zote, naye anaila ile iliyozila. Hatua tatu, ubao ni ule ule ila zamu imegeuka. Ya kwanza inaikataa hatua ya tatu, ya pili inaipitisha.

Kasoro kubwa iko ndani. Supako inakaguliwa kwenye hatua halisi tu. Programu inapokisia mbele haiiangalii, hivyo inaweza kujenga mpango mzima juu ya hatua itakayokataliwa.

Umeme ukikatika katikati ya mchezo, angalia ulivyohifadhi. `printsgf` inaandika picha ya ubao wa sasa bila historia, na supako bila historia haina cha kulinganisha. Cheza kwa `--mode ascii`, hifadhi kwa `save`, kisha rudi kwa `gnugo --mode ascii -l` pamoja na jina la faili, ukiitaja tena supako.

Anayehamia KataGo asidanganywe na jina: `kata-set-rules chinese` inaweka ko ya kawaida. Akitaka supako aandike `chinese-ogs`, kisha ahakikishe kwa `kata-get-rules`.

Kwa mwanafunzi na kwa anayeandika programu yake ya Go, GNU Go tunaipendekeza, mradi iwashwe na supako tangu hatua ya kwanza.