Mafundi wa hifadhidata wa Mwembe Tayari: hupima kwanza, hugusa baadaye

Mombasa haina uhaba wa mafundi wa kompyuta. Kuanzia Barabara ya Digo hadi Makupa utampata wa kubadilisha kioo, wa kuongeza RAM na wa kuondoa virusi. Anayeweza kukueleza kwa nini hifadhidata ya duka inasuasua ilhali kompyuta ni mpya na prosesa yake ina nyuzi 16 (njia za kutekeleza kazi kwa wakati mmoja), huyo utamtafuta sana. Karakana ninayoizungumzia iko ghorofani huko Mwembe Tayari, haina bango mlangoni, na wateja wake huelekezwa na wateja wenzao. Tuliwapa kazi kwa niaba ya duka la jumla la vipuri vya magari lililoko Changamwe, ambako mimi ninasimamia hesabu na stoo. Nimeridhika nao, ingawa si kwa kila jambo.

Programu yetu ya mauzo hutumia hifadhidata ya MySQL 8.0 kwenye kompyuta ya Windows yenye kore 8 (vitengo vya kukokotoa ndani ya prosesa), nyuzi 16 na RAM ya GB 32. Asubuhi mambo yalikwenda vizuri; mafundi wa matatu na malori walipojaa kaunta, kutafuta kipuri kimoja kulichukua muda wa kumtosha mteja kupigia simu duka jingine. Aliyetuuzia kompyuta alishauri tununue nyingine yenye nyuzi nyingi zaidi, na bosi alikuwa karibu kukubali.

Fundi aliyekuja hakubadilisha kitu siku hiyo. Alifungua Task Manager, akaiondoa grafu ya jumla na kuweka grafu ya kila uzi peke yake. Ile ya jumla ilikuwa ikionyesha asilimia 6 au 7, na kwa sababu hiyo sote tuliamini kwamba prosesa imepumzika na kosa ni la mtandao. Kumbe asilimia 6 ya nyuzi 16 ni uzi mmoja uliojaa pomoni: Windows ilikuwa ikiuhamisha mzigo kutoka uzi huu hadi ule, lakini kila wakati ni mmoja tu uliokuwa ukifanya kazi. MySQL hutekeleza swali la kawaida, yaani ombi la kutafuta data, kwa uzi mmoja, hata kama kumi na tano zilizobaki hazina la kufanya. PostgreSQL, hifadhidata ya aina nyingine, imeweza kugawa swali moja kwa nyuzi kadhaa tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016, na SQL Server ilitangulia zaidi, japo huko maradhi huwa ni kinyume chake, yaani maswali madogo hugawanywa bila sababu na nyuzi zikabaki zikingojeana. Kwetu sisi, nyuzi zaidi zingekuwa fedha zilizotupwa baharini.

Bosi alikuwa amesikia kwamba Hyper-Threading ya Intel, inayoipa kila kore nyuzi mbili, huharibu hifadhidata na kwamba dawa yake ni kuizima kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta. Fundi hakumbeza. Alieleza kwamba tangu teknolojia hiyo ilipoingia kwenye Xeon na Pentium 4 mwaka 2002, nyuzi mbili hugawana kore moja pamoja na kache yake (kumbukumbu ya karibu), kwa hiyo uzi unaozunguka bure ukingoja kufuli (zamu ya kugusa data inayotumiwa na uzi mwingine) humpunja mwenzake. Intel iliweka amri ya PAUSE, inayoupumzisha kidogo uzi unaongoja, kupunguza hasara hiyo. Kisha katika prosesa za Skylake za mwaka 2015 amri hiyo ikarefushwa kutoka mizunguko (mapigo ya saa ya prosesa) takriban 10 hadi kufikia 140, na programu zilizozoea kipimo cha zamani zikaanza kungoja kupita kiasi. Ndiyo sababu MySQL 8.0.16 iliongezewa mpangilio wa kurekebisha muda huo wa kungoja. Baada ya maelezo hayo, duka lilipofungwa, aliizima kweli, akarudia maswali yale yale, akatuonyesha kwamba muda haujapungua, akaiwasha tena. Fundi mwingine angebishana tu.

Dosari yenyewe ilipatikana kwenye logi (daftari la MySQL) ya maswali ya polepole. Kwa kawaida MySQL hulihesabu swali kuwa la polepole likizidi sekunde 10. Alikishusha kipimo hicho hadi sekunde 1 na kuiacha logi ijae siku nzima ya kazi. Swali lililojirudia kuliko yote lilikuwa la kutafuta namba ya kipuri, na amri ya EXPLAIN, inayoeleza jinsi swali linavyotekelezwa, ilionyesha kwamba kila mara jedwali zima husomwa, mstari kwa mstari, ingawa faharasa (orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka) ipo. Hapo akaja kusimama nyuma ya karani wetu.

“Dada, mbona unaandika mwisho wa namba pekee?”

“Kaka, mteja huja na kipande kilichochakaa. Herufi za mbele zimeshafutika.”

Faharasa ya kawaida husaidia anayejua mwanzo wa neno, wala haimfai anayejua mwisho wake. Wengi wangemwambia karani abadilishe mazoea. Yeye aliongeza safu inayohifadhi namba ile ile ikiwa imegeuzwa nyuma mbele, akaiwekea faharasa, na kijana wetu wa programu akarekebisha swali ili lianzie huko. Sasa jibu hutoka kabla mteja hajaweka kipande chake mezani. Kadhalika aligundua kwamba namba ya ankara ilihifadhiwa kama maandishi katika jedwali moja na kama tarakimu katika jingine, jambo lililoifanya faharasa isitumike wakati wa kuyaunganisha, na kwamba akiba ya InnoDB, yaani sehemu ya RAM ambamo MySQL huweka data inayotumika, ilikuwa bado MB 128 za tangu kusakinishwa. Yote mawili aliyamaliza upesi, pamoja na kupuliza vumbi kwenye feni, kwani kwa joto letu prosesa isiyopumua hujipunguzia kasi yenyewe.

Lililonipendeza zaidi ni lile alilokataa kulifanya. Kijana wetu alipendekeza innodb_flush_log_at_trx_commit, mpangilio unaoamua mauzo yaandikwe diskini lini, ishushwe kutoka 1 hadi 2 ili ankara zihifadhiwe haraka. Fundi aliuliza stima hupotea mara ngapi na kama kuna UPS (betri ya dharura). Alipojibiwa, aliuacha mpangilio ulivyo, kwa kuwa kwenye 2 umeme ukikatika ghafla mauzo ya takriban sekunde ya mwisho yanaweza kupotea.

Sasa malalamiko. Hawakuuliza kama tuna nakala rudufu kabla ya kugusa majedwali. Ni mimi niliyesimamisha kazi hadi ichukuliwe, na kwa wanaolipwa kwa ajili ya data hilo ni uzembe. Ripoti yao imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, hivyo karani, ambaye ndiye mtumiaji mkuu, hakuambulia kitu. Tena hutoza kwa saa, na saa za foleni ya kutoka mjini hadi Changamwe zimo kwenye ankara. Hata hivyo, jumla yake haikufikia nusu ya bei ya kompyuta tuliyokuwa tunashawishiwa kununua.

Ripoti ya mwisho wa mwezi bado ni nzito, kwa kuwa hujumlisha mauzo ya miaka yote kila inapofunguliwa. Wamependekeza jedwali la muhtasari litakalojazwa usiku, na tumewaita tena kwa kazi hiyo, safari hii kwa bei ya jumla iliyoandikwa, nauli ikiwamo.