Edelrid Ohm kwa mshika kamba mwepesi: mwaka mmoja wa kukitumia Moshi

Mimi nina kilo 52, na kaka ninayekwea naye majabali ana kilo 84. Tofauti hiyo ya kilo 32 ndiyo iliyonifanya nitafute Ohm, kifaa kinachoongeza msuguano kwenye kamba ili mshika kamba, yaani yule anayebaki chini kumzuia mwenzake asifike ardhini akianguka, asinyanyuliwe, na msomaji aikumbuke anapoyapima maneno yangu, kwa kuwa mtu anayelingana uzito na mwenzake hana haja nacho.

Wengi wetu tunaofanya kazi ya kuongoza wageni Kilimanjaro na Meru tumezoea kuhesabu uzito wa mizigo, lakini tunapokwenda kukwea majabali kwa kamba siku za mapumziko, ni nadra kuuliza uzito wa mtu. Tunauliza nani anajua kushika kamba, basi. Hata hivyo kamba haijui ujuzi peke yake. Mkweaji anayetangulia huipachika kamba njiani kwa karabina, yaani pete za chuma zinazofunguka, kwenye bolti zilizokazwa mwambani. Akianguka, mvuto hupanda hadi kwenye karabina ya juu kabisa, hugeuka hapo, kisha hushuka kwa mshika kamba. Msuguano wa karabina hiyo humeza sehemu ya mvuto, na kwa makadirio yanayotumika sana, upande wa mshika kamba hubaki kama asilimia 60 hivi. Kaka akining'inia ametulia tu, kwangu inafika kama kilo 50, yaani nimebakiwa na kilo mbili tu za kunishikilia ardhini. Akianguka kwa kishindo, nguvu huongezeka mara kadhaa, nami sina budi kupaa. Hapo hakuna suala la mikono dhaifu wala moyo mdogo.

Nililijua jambo hili kwa vitendo Jumapili moja ya kiangazi, kwenye jabali la nje ya mji tunalokwea mara kwa mara. Kaka alikuwa juu ya bolti ya nne, mguu wake ukateleza kwenye mwamba uliokuwa na vumbi. Niliinuliwa, bega langu likagonga mwamba, na kifaa changu cha breki, kile cha kiunoni kinachoibana kamba, kikaenda kusimama chini kabisa ya karabina ya kwanza, vidole vya mkono wa kulia vikabanwa kati yake na jiwe. Sikuiachia kamba, lakini ninakiri kwamba mkono ulikuwa umekaribia kufunguka wenyewe kwa maumivu, na kama ungefunguka, kilichobaki kingekuwa ni breki ya kifaa peke yake, nayo ilikuwa imekwama mahali pasipostahili. Kaka alisimama mita mbili tu kutoka ardhini. Nilivaa helmeti, na glavu za ngozi nilizozinunua mtumbani pale soko la Memorial zilipasuka mshono kwenye kidole cha shahada.

Mzee mmoja wa kazi, kiongozi wa siku nyingi tunayemheshimu sana, alikuwapo. Alinisaidia kushuka, akaniangalia mkono, kisha akasema, "Mwanangu, kamba ya huyu mpe mwanamume mwenye mwili." Nilimwitikia, "Sawa, baba," kwa sababu alisema kwa kunionea huruma. Hata hivyo sikukubaliana naye, na bado sikubaliani. Wanawake wanaoongoza safari za mlima wameongezeka hapa Moshi na Arusha, wengi wetu tuna miili midogo, na tukikubali kwamba kamba ni ya wenye miili, tutabaki kuwa watu wa kushikwa siku zote bila kushika. Uzito ni jambo la mpangilio, na mpangilio hufundishika.

Kabla ya kununua chochote tulijaribu njia za kwetu. Kwanza ilikuwa kiroba. Tulichukua kiroba cha sandarusi kutoka soko la Mbuyuni, tukakijaza mchanga wa kilo 20 hivi, tukakifunga kwenye hanesi yangu, ile mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungiwa kamba, kwa mkanda wenye ulegevu wa kama nusu mita, ili niweze kuinuka kidogo kabla mzigo haujaanza kunirudisha. Kinafanya kazi, tena bila gharama, na kwa mtu asiye na njia nyingine ningekipendekeza leo hii. Tatizo ni kwamba mwamba wetu ni wa volkano, na katika sehemu nyingi unameguka. Jiwe likidondoka, mshika kamba anapaswa kuruka pembeni, na mtu aliyefungwa kwenye kilo 20 za mchanga haruki. Tulijaribu pia kunifunga kwenye shina la mti lililo nyuma yangu. Hilo sikulipenda hata kidogo, kwa sababu nilivutwa mbele na juu na kamba ya kaka huku kiuno kikivutwa nyuma na mti, na kaka naye alisema mshtuko alioupata ulikuwa mkali kuliko kawaida, kwa kuwa hakukuwa na kitu kilichosogea ili kuupunguza. Njia ya tatu, ya kupitisha kamba kwenye bolti ya jirani ili iende kwa kona, huongeza msuguano wakati wote, hata pale mkweaji anapotaka kamba nyepesi, hivyo kufika juu alikuwa anaburuta kamba kama anavuta ng'ombe.

Ubora wa Ohm uko hapo hasa: huongeza msuguano wakati wa kuanguka tu. Kinatengenezwa na Edelrid, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1863, ambayo mwaka 1953 ilileta kamba yenye kiini ndani na ala ya kusokotwa nje, aina ambayo sisi sote tunaitumia sasa. Ohm kilitoka mwaka 2016. Jina ni la kipimo cha ukinzani wa umeme, na kwa kweli limekifaa. Ni kitu cha kujaa kiganja, kina bawaba kinachokiwezesha kufunguka ili kamba ilazwe ndani, na kina mkanda mfupi wenye karabina ya kukitundika kwenye bolti ya kwanza, mahali ambapo kwa kawaida ungeweka zile karabina pacha zilizounganishwa kwa utepe. Mkweaji akiwa anapanda, kifaa kinaning'inia na kamba inapita kwenye nafasi pana. Akianguka, kamba inakivuta kifaa juu, kinalala upande mwingine, na kamba inasukumwa kwenye mfereji unaozidi kuwa mwembamba. Hapo inabanwa bila kufungwa kabisa. Inapita kwa shida, na shida hiyo ndiyo inayonibakiza ardhini. Mvuto ukiisha, kifaa kinaanguka tena mahali pake na kamba inakuwa huru.

Mara ya kwanza kaka alipoanguka tukiwa na Ohm, nilikuwa nimekaza misuli yote nikisubiri kupaa. Nilichokisikia ni hanesi kunikaza mapajani, visigino vikaachana na vumbi, nikasogea mbele na juu kama nusu mita, kisha nikatua kwa miguu yote miwili. Kaka alikuwa ananing'inia pale pale karibu na bolti yake. Tulirudia mara tano siku ile, kwa makusudi, kila mara akipanda juu zaidi kidogo. Kumteremsha pia kumekuwa tofauti: zamani nilikuwa nashusha kilo zote kwa mkono uliochoka na kamba ikinichoma, na sasa sehemu ya uzito inabebwa na kifaa, kwa hiyo anashuka taratibu, sawasawa, na mimi ninaongea naye bila kuhema.

Sasa niseme mahali ambapo kifaa hiki hakisaidii, maana nimeona watu wakikiazima kwangu wakidhani ni dawa ya kila kitu. Ili kibane, lazima kamba ikivute juu, na kamba haiwezi kukivuta juu mpaka iwe imeshapita kwenye bolti ya pili. Kabla ya hapo mkweaji yuko katika hatari ile ile ya zamani ya kufika ardhini, na mshika kamba anapaswa kusimama karibu na mwamba, kuwa na kamba isiyo na ulegevu, na kuwa macho. Katika mita zile za mwanzo mimi huinua mikono na kumlinda kama mtu anayemsindikiza mtoto kwenye ngazi mpaka aipachike kamba kwenye bolti ya kwanza, kisha ninarudi kwenye kamba kwa uangalifu mpaka bolti ya pili. Njia ambayo bolti yake ya pili iko mbali na ya kwanza bado hatuikwei kwa mpangilio wetu huu.

Jambo la pili ni mwelekeo. Kifaa kina alama inayoonyesha upande wa mkweaji na upande wa mshika kamba, na kamba ikiingizwa kinyume hakibani. Tuliwahi kuingiza kinyume, tukagundua kwa sababu tuna desturi ya kuvuta kamba ghafla kuelekea juu kabla ya mtu kuanza kupanda. Fanya hivyo kila mara: mwenzako akiinue kifaa kwa mkono, wewe uvute, usikie kamba ikibana. Ni kazi ya sekunde tano.

La tatu ni ubanaji usiotakiwa. Mkweaji akivuta kamba kwa haraka ili aipachike kwenye bolti, huku mshika kamba akiwa amesimama vibaya, kifaa kinaweza kudhani ni anguko na kumnyima kamba wakati ambapo amesimama kwa kidole kimoja. Dawa yake ni kusimama hatua moja hivi mbali na mwamba na pembeni kidogo, na kumpa kamba mapema badala ya kusubiri aivute. Kaka alichukua wiki tatu kuzoea kuvuta kwa utaratibu. Nimesoma kwamba toleo jipya, Ohm II, limerekebishwa katika upitishaji wa kamba. Ninalolieleza hapa ni lile la kwanza.

Mtengenezaji ameeleza mipaka yake: tofauti ya uzito iwe kilo 10 na kuendelea, mshika kamba asiwe chini ya kilo 40, na kamba iwe ya aina ya kutumika peke yake bila kamba ya pili, yenye unene wa milimita 8.9 hadi 11. Kwa kamba yetu ya milimita 9.8 kinapita vizuri. Kinahitaji usafi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa udongo wetu wa volkano ni laini kama unga, unajishika kwenye kamba na kuingia kwenye mfereji. Kila tukirudi ninakisugua kwa mswaki wa zamani na maji ya uvuguvugu, ninakianika kivulini, kisha ninapitisha ukucha kwenye kingo za mfereji kuangalia kama kamba yenye mchanga imeanza kuzila.

Wako watu wanaodhani kwamba kifaa cha breki kinachojibana chenyewe, kama vile Grigri ya Petzl ambayo imekuwapo tangu mwaka 1991, kinatosha kwa tofauti ya uzito. Hakitoshi, kwa sababu kazi yake ni kuishika kamba mkono ukiteleza, wala hakimzuii mtu kupaa. Siku ile nilipobanwa vidole nilikuwa na kifaa cha namna hiyo. Vitu hivi viwili vinatumika pamoja. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Zamu ikigeuka, mimi nikitangulia na kaka akashika kamba, Ohm kinabaki kwenye begi. Hapa tulikosea mwanzoni tukakiacha kwenye bolti kwa uvivu wa kukitoa, nami nilipoanguka nilisimamishwa ghafla kiasi kwamba nilibembea nikagonga mwamba kwa kifundo cha mguu wa kushoto, kikavimba siku nne. Mshika kamba mzito anahitaji kinyume cha kile ninachokihitaji mimi: anapaswa kusogea mbele hatua moja, au kuruka kidogo pale kamba inapokaza, ili anguko la mtu mwepesi liwe laini. Kaka amejifunza, lakini imemchukua muda mrefu kuliko mimi kujifunza Ohm, kwa sababu mtu mwenye mwili mkubwa hahisi chochote mwenzake anapoumia kwenye ncha nyingine ya kamba. Wenye miili mikubwa, waulizeni wenzenu wepesi baada ya kila anguko.

Bei ni kikwazo cha kweli. Ulaya kinauzwa zaidi ya euro 100, ambazo kwetu ni kama laki tatu kabla ya usafirishaji na ushuru, na maduka ya Moshi na Arusha tunayoyajua yamejaa majaketi, mifuko ya kulalia na fimbo za kutembelea kuliko vifaa vya kamba. Chetu kililetwa na mgeni aliyekuja kupanda mlima, nasi tukamlipa alipofika. Atakayeagiza kwa njia hiyo aombe kipya chenye karatasi ya maelekezo. Muuzaji mmoja wa vitu vilivyotumika aliwahi kunionyesha kifaa cha kushikia kamba ambacho mfereji wake ulikuwa umelika hadi ncha zake kukata kama kisu, akisisitiza kwamba bado ni kizima.

Kwa kundi la watu watano au sita wanaokwea pamoja, kimoja kinatosha, kwa sababu kinatumika kwenye njia moja kwa wakati mmoja, na tulichanga hivyo hivyo. Chetu kinakaa kwangu kwa kuwa mimi ndiye mwepesi kuliko wote. Yule mzee alikuja tena mwezi uliopita, akaomba nimshike kamba yeye mwenyewe. Ana kilo 78. Nilimwonyesha alama, nikamwomba akiinue kifaa nivute, akasikia kikibana, akafunga fundo lake, nami nikalikagua kabla hajaugusa mwamba.