Oili ya sintetiki kwa gari lenye tabo: ipi ununue ukiwa Arusha au Moshi

Kama una Impreza WRX au Forester yenye tabo ya injini ya EJ20, Golf GTI ya toleo la tano au la sita, au BMW ya petroli ya miaka ya 2000, jibu fupi ni hili: nunua sintetiki ya 5W-40 yenye alama ya ACEA A3/B4 (daraja la oili la umoja wa watengeneza magari wa Ulaya) mgongoni mwa dumu, ijaze kwa kipimo kamili, na uimwage kila kilomita 5,000. Jina la kampuni linakuja baadaye. Kuna magari ambayo jibu hili haliyafai, nayo tutayafikia.

Soma mgongo wa dumu, maana mbele kumejaa matangazo. Neno sintetiki linaweza kumaanisha mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa hidrojeni (kundi la III), au PAO iliyoundwa kiwandani (kundi la IV), au esta (kundi la V). Kwa gari la barabarani, kundi la III lililotengenezwa vizuri linatosha kabisa. Kinachotenganisha oili mbili ni vibali zilivyopata: ACEA, API (taasisi ya petroli ya Marekani), na namba za watengeneza magari kama VW 502 00, BMW Longlife-01 au MB (Mercedes-Benz) 229.5. Dumu lisilo na hata kimoja liache rafuni, hata kama picha yake ina gari la Formula 1.

Kipimo muhimu kuliko vyote kwa injini ya tabo ni HTHS, yaani uzito (ugumu wa kutiririka) wa oili ikiwa na joto la nyuzi 150 huku ikisagwa kati ya beringi na krenki. Oili ya kawaida ya 30 (namba ya mwisho kwenye dumu, inayoonyesha uzito wa oili ikiwa moto) inaruhusiwa kushuka hadi 2.9 kwa kipimo hicho. A3/B4 hairuhusiwi kwenda chini ya 3.5. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo utando unaozuia chuma kugusa chuma unapopanda kutoka Himo kwenda Marangu na watu wanne ndani.

Mwinuko nao una lake. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Tanga. Ili kuipa injini hewa ileile, tabo inalazimika kuzunguka kasi zaidi, nayo tayari hupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Moshi iko chini zaidi lakini ina joto, na barabara zake nyingi za pembeni ni za kupanda mlima. Baridi kali ndiyo hatuna. Namba iliyo kabla ya W inahusu baridi tu: 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 0W kwenye 35. Hata asubuhi ya Julai pale Sakina haikaribii huko.

Nafasi ya kwanza: 5W-40, A3/B4. Motul 8100 X-cess, TotalEnergies Quartz 9000, Liqui Moly Leichtlauf High Tech, Castrol EDGE na Shell Helix Ultra zote zina toleo la uzito huu. Chagua ile ambayo muuzaji wake anaaminika. Tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya oili halisi na feki. Swali huja: mbona tusichukue 10W-40, ikiwa baridi hatuna? Kwa sababu madumu mengi ya 10W-40 ni nusu sintetiki, na vibali vyake mara nyingi ni hafifu.

EJ20 inahitaji uangalifu wa pekee. Nyingi zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya boliti inayopeleka oili kwenye tabo. Oili ikichelewa kumwagwa, masizi huziba wavu huo, tabo inakosa oili na kufa, kisha chembe za chuma hurudi kwenye sampu na kula beringi. Ndipo utasikia kwamba injini imenoki, na oili inalaumiwa kwa kosa la ratiba. Mwambie fundi afungue boliti hiyo na kuangalia wavu, hasa kwa gari ulilolinunua bila historia ya matunzo.

Nafasi ya pili, ambayo kwa wengine ni ya kwanza: 5W-30 yenye API SP. Hii ni ya Subaru WRX ya 2015 na kuendelea (injini ya FA20), Mark X, Crown, na injini nyingine za Kijapani zilizoundwa kwa uzito huo. API SP ilianza 2020, na moja ya majaribio yake ni petroli kuwaka kabla ya wakati injini ikiwa na mzunguko mdogo na mzigo mkubwa. Hitilafu hiyo hupasua pistoni kwenye injini ndogo za tabo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na oili zenye kalisi nyingi huichochea. Kwa hiyo mwenye FA20 asikimbilie A3/B4 ya zamani isiyo na SP. Mark X haina tabo. 5W-30 inaitosha hata kwa safari za Babati kila wiki.

Nafasi ya tatu: 5W-30 ya ACEA C3, yenye VW 504 00, BMW Longlife-04 au MB 229.51. HTHS yake nayo ni 3.5 au zaidi, hivyo usiidharau kwa sababu ya namba 30. Ni sahihi kwa magari mapya ya Ulaya ambayo kitabu chake kinaitaja. Ina viungo vichache vya kupambana na asidi, kwa hiyo inachoka mapema petroli ikiwa na salfa. BMW yenyewe ilipotoa Longlife-04 iliiruhusu kwenye injini za petroli katika nchi za Ulaya tu. Ukiitumia huku, sahau zile kilomita 30,000 za kitabu. Mwaga ikifika 7,500.

Nafasi ya nne: 0W-40. Ni oili bora, ila unalipia uwezo wa baridi usioutumia. Ukiikuta kwa bei ya 5W-40 na vibali ni vilevile, chukua.

Esta za mashindano kama Motul 300V ni za rali na viwanja vya mbio, ambako oili humwagwa baada ya kila shindano. 10W-60 ni ya BMW za M ambazo kitabu chake kinaitaja, kwa mfano M3 ya E46 na E92 na M5 ya E60. Kwenye Forester ni mzigo tu. Na fundi akikwambia "weka 20W-50, injini imezeeka", muulize oili nzito hivyo itapitaje haraka kwenye ule wavu wa tabo asubuhi.

Sasa kipimo. EJ20 nyingi hupokea lita 4 hadi 4.5 pamoja na filta, hivyo dumu la lita 4 linaweza kupungua. Nunua la 5 na kilichobaki kiweke kwenye buti. Mark X ya V6 inapita lita 6, lakini gereji nyingi humimina dumu moja la 5 na kufunga kifuniko. Kijiti cha kupimia oili ndicho mwamuzi: gari lisimame sawa, injini izimwe dakika tano, kisha upime. Kwenye EJ, kati ya alama ya chini na ya juu kuna karibu lita moja, na injini hizi hula oili. Pima kila Jumapili. Ikila lita moja ndani ya kilomita 1,000, anza kukagua vali ya PCV (inayorudisha mvuke wa sampu kwenye injini ukachomwe) na sili za tabo kabla ya kubadilisha aina ya oili.

Filta inayoingia kwenye nyuzi si lazima iwe sahihi. Ndani yake kuna vali ya kupitisha oili pembeni inayofunguka kwa shinikizo maalumu, na shinikizo hilo hutofautiana kati ya injini na injini. Nunua kwa namba ya spea. Kaza kwa mkono, robo tatu ya mzunguko baada ya mpira kugusa, na uweke washa mpya kwenye nati ya sampu.

Kuhusu feki: dai risiti ya EFD, linganisha namba ya toleo kwenye kila dumu la katoni (zikifanana sura lakini moja imechapwa kwa wino unaofutika, ondoka), na usinunue oili inayouzwa kwa kupimiwa kutoka kwenye pipa kwa gari la tabo hata siku moja. Ukiwa na shaka, mimina kidogo kwenye chupa safi na uiweke kwenye friza la nyumbani usiku kucha pamoja na chupa ya 20W-50 ya kawaida. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri 5W-40 halisi bado inatiririka unapoinamisha chupa. Ya pili inajivuta kama asali. Zikitoka sawasawa, rudisha dumu dukani na risiti yako.

Oili ikishaingia kwenye injini, toboa dumu tupu kwa bisibisi kabla hujaondoka gereji. Madumu mazima ya chapa kubwa yana wanunuzi wake, nao hawayanunui kwa ajili ya kuwekea maji.