Kahawa Mjini Unguja: wapi utoe pesa, wapi upite tu

Kila akija mgeni kwetu swali ni lile lile, dada wapi Mji Mkongwe pana kahawa nzuri, na mie kila mara najibu vingine kwa sababu mtu akisema kahawa nzuri mara nyingi anataka kiti kizuri. Ni vitu viwili hivyo. Kuna bei ya kahawa, afu kuna bei ya kiti, feni, waifai na upepo wa bahari, na mikahawa kibao ya mjini inakuuzia hicho cha pili kwa jina la cha kwanza. Sio dhambi, mradi ujue pesa yako inaenda wapi.

Kabla ya orodha nikupe kipimo changu. Mara ya kwanza pahala usiagize late wala kapuchino, agiza nyeusi bila sukari, kama wana mashine basi espreso, ile nzito ya kikombe kidogo, maana maziwa na sukari zinasitiri mengi mno. Simama karibu na kaunta ujifanye unasoma menyu huku unahesabu kimoyomoyo. Espreso ya sawasawa inachukua kama sekunde 25 mpaka 30 kutoka, ikimwagika sekunde 10 kama mfereji ulofunguliwa wote itakuwa nyepesi na kali ya uchachu, ikidondoka tone tone mpaka unachoka kuhesabu utakunywa kitu tungu cha kuungua (bara wanasema chungu, sisi tungu, tusigombane). Angalia pia anasaga buni pale pale au anachota unga uloshinda wazi tangu asubuhi, kahawa ikishasagwa harufu yake haikai.

Na maji jamani, hili watu wanalisahau. Kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe, maji ya visima vingi yana chokaa au chumvi, ndo maana birika la nyumbani linaota ukoko mweupe ndani, na mashine ya kahawa nayo inaota vile vile, ladha inaharibika na mashine inakufa. Muulize barista, yule anayetengeneza kahawa, maji gani mnatumia. Anayechuja atakujibu kwa furaha mpaka akuoneshe chujio, asiyechuja atakutizama kama umemuuliza mshahara wake.

Haya sasa orodha.

Namba moja kwangu ni vimkahawa vidogo vinavyochoma buni wenyewe, au angalau wanajua nani kawachomea na lini. Utavijua kwa harufu kabla hujaona mlango. Pale unaweza kuuliza kahawa imetoka wapi ukajibiwa kitu cha maana, sio "ya hapa hapa", maana tuambiane ukweli, Zanzibar ni ya karafuu, kahawa unayokunywa mjini kwa kawaida imevuka bahari kutoka bara. Kahawa aina ya arabika ya Kilimanjaro, Mbeya au Mbinga ina ukali fulani mzuri kama wa tunda, robusta ya Kagera ni nzito na ina nguvu, ukinywa usiku utahesabu boriti za dari mpaka alfajiri. Wengi wanaanzia Zanzibar Coffee House pale Mkunazini, jumba la zamani la mawe, na kahawa yao wanaihusisha na shamba la Utengule kule Mbeya, kwa mtu anayetaka kujua kahawa ya Tanzania ina ladha gani pa kuanzia ni hapo. Huduma kwenye vimkahawa hivi ni pole pole, usiende ukiwa na boti ya saa saba. Ila ukisema kikombe hakiko sawa wanakutengenezea kingine bila kununa, na mie hapo ndo naweka alama zangu nyingi kuliko kwenye mito ya viti.

Namba mbili ni baraza, kahawa ya dele, lile birika la kahawa la juu ya makaa. Najua wapo watakaoniona nimekufuru kuiweka ya pili. Kwa mazungumzo hakuna mkahawa unaoifikia, nenda Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, jioni usikie siasa, mpira, na nani kamposa nani, vifinjani vinazunguka, bao linapigwa pembeni, noti ya shilingi 1,000 unakunywa wewe na wenzio. Tangawizi na hiliki, kashata ya njugu mkononi, basi. Lakini nimeipa ya pili kwa sababu mbili. Ya kwanza, dele linakaa juu ya makaa, kahawa ya mwanzo wa jioni na ile ya saa nne usiku ni vinywaji viwili tofauti, hiyo ya mwisho imechemka mpaka imechoka na viungo ndo vinaibeba. Wahi mapema, baada ya magharibi tu, dele likiwa jipya. Ya pili ni kwamba mie ni mwanamke, na baraza ni la wanaume, tusidanganyane. Mtalii wa kike akikaa wanamsogezea nafasi na kucheka nae, mie nikikaa habari itafika kwa mama kabla kifinjani hakijapoa. Kwa hiyo namtuma mdogo wangu na chupa ya chai, anamwambia ami muuza kahawa nijazie ya watu watano, tunakunywa nyumbani uani na mashoga zangu. Kahawa ile ile, mandhari ndo nusu. Mwongozo ulioandikwa na mwanamme ungeiweka ya kwanza na nisingembishia.

Namba tatu, mapaa ya mahoteli na mikahawa ya ufukweni. Hapa unanunua jua linazama, na jua letu linazama vizuri kweli, silikatai. Ila kuna pahala, jina silitaji, niliagiza kapuchino ya shilingi 12,000 afu kwa bahati nimekaa upande wa jikoni, namuona kijana anafungua kopo la kahawa ya unga anachota vijiko viwili, anapiga povu la maziwa juu, ananiletea na biskuti. Nikamuuliza kijana yule hii vipi, akasema dada mashine imeharibika tangu Ijumaa. Sawa, mashine inaharibika, lakini bei mbona haikuharibika? Sina ugomvi na kahawa ya kopo, Africafe ya Bukoba iko kabatini kwetu na asubuhi za haraka naikoroga mwenyewe, kwa bei ya nyumbani lakini. Siku hizi nikipeleka mgeni juu naagiza juisi ya ukwaju na natizama majahazi, roho yangu inatulia.

Ya mwisho kabisa ni zile paketi za zawadi, za vikasha vya ukili vilivyoandikwa kahawa ya Zanzibar. Kikasha kizuri, kinunue uweke hereni. Ndani ni unga usojulikana umesagwa lini. Ukitaka kahawa ya kubeba nunua buni nzima kwenye hivyo vimkahawa vya namba moja, tafuta tarehe ya kuchomwa kwenye mfuko, ya wiki mbili tatu ni nzuri sana, isiyo na tarehe rudisha rafuni.

Pemba usiniulize mikahawa. Kule kahawa nzuri zote nilizokunywa ni za barazani au za nyumba za watu, na halua ya Wete pembeni, sasa hiyo nitaipangaje kwenye orodha?

Ramadhani mchana usihangaike, sehemu nyingi zinafunga au hawahudumii wazi, subiri baada ya tarawehi mji unaamka na dele zinatoka. Na umeme ukikatika uliza kwanza kama wana jenereta kabla hujavuta kiti. Mwezi uliopita nilikuwa na binti ya shangazi yangu kutoka Dar, tumekaa mkahawa wa mashine ya mamilioni, pap giza, barista kabaki kashika kikombe kitupu. Tukarudi zetu nyumbani, mdogo wangu akatwaa chupa ya chai akatoka, ami makaa yake yalikuwa yanawaka kama kawaida.