Gitaa la Kulia Lililogeuzwa kwa Mashoto: Uzoefu Wangu Tabora

Gitaa ninalolizungumzia hapa ni la nyuzi za nailoni, la ukubwa kamili, lililotengenezwa kwa mtu wa mkono wa kulia kama yalivyo karibu magitaa yote yanayofika Tabora, na ambalo fundi seremala wa hapa mjini alinigeuzia ili nilipige kwa kushoto. Ninatathmini vitu viwili kwa pamoja, gitaa lenyewe na kazi ya fundi, kwa kuwa kimoja bila kingine kisingenifaa. Nimelipiga tangu mvua za mwisho za masika hadi sasa ambapo kiangazi kimekolea, nami ninamshauri mashoto yeyote anayeanza, hasa aliye mbali na maduka makubwa, afanye nilivyofanya. Anayetaka gitaa la nyuzi za chuma ushauri huu haumhusu, na sababu zake nitazieleza.

Kwanza nilitafuta gitaa la kushoto lililotoka kiwandani likiwa hivyo. Madukani hapa mjini hakuna. Duka moja la Dar es Salaam lilinijibu kwa simu kwamba huagizwa kwa oda, fedha yote hulipwa mapema, na lililokuwa likipatikana lilikuwa la nyuzi za chuma kwa bei iliyozidi mara mbili ya gitaa la kawaida, bila nauli ya kulisafirisha kwa basi. Kwa mtu ambaye hajui hata kodi moja, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na ambaye huenda akaliacha gitaa likining'inia ukutani baada ya muda mfupi, niliona gharama hiyo ni kubwa mno.

Njia ya kuligeuza gitaa juu chini bila kugusa nyuzi niliifikiria pia, kwa kuwa haina gharama yoyote. Elizabeth Cotten wa Marekani alipiga hivyo maisha yake yote, besi kwa vidole na melodi kwa dole gumba, kinyume kabisa cha wapigaji wengine, na alisifika kwa ufundi huo. Hata hivyo, anayepiga hivyo hana mwalimu wa kumwonyesha, kwa sababu uzi mnene unakuwa chini, mwembamba unakuwa juu, na kila umbo la kodi linabidi mtu alibuni upya mwenyewe. Jimi Hendrix naye alikuwa mashoto aliyetumia magitaa ya kulia, lakini yeye alizibadilisha nyuzi nafasi ili uzi mnene ubaki juu kama kawaida. Njia hiyo ndiyo niliyoifuata.

Kabla ya kufika huko nilipaswa kujibu swali ambalo kila mashoto huulizwa, yaani kwa nini usijifunze kwa kulia kama wenzako. Swali hilo si la dharau. Mark Knopfler wa kundi la Dire Straits ni mashoto na hupiga kwa kulia, na wapo wengine wengi. Mji huu uliowahi kuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids haukosi wazee wanaolijua gitaa, nami nina bahati ya kufundishwa na mmoja wao, anayeishi Isevya, ambaye enzi zake alipiga gitaa la besi. Siku nilipokwenda kumwomba anifundishe, baada ya shikamoo na marahaba, aliniambia bila kuzunguka, "Mwanangu, kwenye gitaa mikono yote miwili ni migeni. Huo wa kushoto unaousifia ndio unaobonyeza kodi kwa wenzako, kwa hiyo wewe ndiye ungekuwa umewatangulia."

Hoja yake ilikuwa na nguvu. Lakini hakuniacha hapo, maana alinipa kijiti cha mswaki na kuniagiza nimpigie mapigo ya rumba juu ya meza huku tukizungumza, kwanza kwa mkono mmoja kisha kwa mwingine. Kwa kulia mapigo yalikatika kila nilipojibu swali lake. Kwa kushoto yaliendelea yenyewe. Akasema basi tulipige kwa kushoto, kwa sababu mkono unaobonyeza unaweza kuchelewa kidogo na mwimbaji akakusamehe, lakini mkono unaocharaza nyuzi ukisita, watu wanaacha kucheza. Ningependa kila duka la magitaa liwe na kipimo hicho, kwa kuwa kinamaliza ubishi kwa haraka kuliko maelezo mengi. Mashoto ambaye mapigo yake hayakatiki kwa mkono wowote ajifunze kwa kulia; atajiepushia usumbufu wote unaofuata.

Gitaa nililonunua liligharimu shilingi 180,000, nalo ni la kawaida tu. Nililichagua la nailoni kwa makusudi. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma, kile kipande chembamba kilichosimama juu ya daraja, yaani ule mti wa tumboni ambako nyuzi hufungwa, na ambacho nyuzi hukilalia, huwekwa kwa mshazari ili nyuzi nene ziwe ndefu kidogo kuliko nyembamba na sauti isipotoke unapobonyeza freti za juu, yaani vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo. Ukigeuza nyuzi, mshazari huo unakuwa kinyume, na gitaa linaloimba vizuri nyuzi zikiwa wazi linakosea kadiri unavyosogea kuelekea tumbo lake. Kulirekebisha kunahitaji kuziba mfereji wa daraja na kuchimba mwingine. Isitoshe, miti iliyogundishwa ndani kuubeba ubao wa mbele wa gitaa la chuma hupangwa kwa namna isiyolingana kushoto na kulia. Gitaa la nailoni kwa kawaida lina kipande cha daraja kilichonyooka, na miti yake ya ndani mara nyingi hutawanyika kama feni, pande mbili zikikaribia kufanana, kwa hiyo hulalamika kidogo sana linapogeuzwa.

Kazi yenyewe iko kichwani, kwenye kipande cheupe cha plastiki kilichopo pale kichwa kinapokutana na shingo, chenye mikato sita ya kupitishia nyuzi. Kila mkato umechongwa kwa unene wa uzi wake. Uzi wa sita wa nailoni una unene wa takriban milimita 1.1 na wa kwanza takriban 0.7, kwa hiyo ukiuhamishia ule mnene upande wa pili hauingii, unakaa juu ya mkato na kubonyeza kwake kunaumiza vidole, huku ule mwembamba ukizama kwenye mkato mpana na kuanza kuvuma kama nyuki. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba uzi wa tatu, ambao ni nailoni tupu, ni mnene kuliko wa nne uliozungushiwa waya, kwa hiyo hata nyuzi za katikati, ambazo mtu angedhani zinabadilishana nafasi bila matata, zinagombana.

Fundi wangu yuko Ng'ambo na kazi yake ya kila siku ni vitanda na makabati ya mninga. Hakuwahi kugusa gitaa. Mzee alikwenda kumweleza kinachotakiwa, na fundi alipotazama kile kipande cha plastiki alisema kwamba hatakitia kisu, atachonga kingine cha mfupa ili cha zamani kibaki kizima. Aliagiza mfupa wa mguu wa ng'ombe buchani, akauchemsha hadi mafuta yakatoka, akauanika juu ya bati, kisha akakata kipande na kukisugua kwa msasa hadi kikaingia kwenye nafasi yake bila gundi kubwa. Mfupa ni malighafi ya siku nyingi kwa kazi hiyo, na watengenezaji wazuri wa magitaa wanautumia hadi leo, kwa hiyo nilipata kitu bora kuliko kilichotoka kiwandani.

Kwa mikato hakuwa na tupa nyembamba za kutosha. Alivuka barabara kwa jirani yake mchomeleaji na kuazima kile kifurushi cha vijiti vya chuma vyenye meno, vinavyotumika kuzibulia mdomo wa bomba la kuchomelea kwa gesi, ambavyo kila kimoja kina unene wake. Alikipitisha kila kijiti taratibu, anaweka uzi, anatazama, anautoa, anapitisha tena. Mzee alimfundisha kipimo kimoja tu, kwamba ukiubonyeza uzi kwenye freti ya tatu, kati ya uzi na freti ya kwanza ibaki nafasi ndogo kiasi cha kupenya karatasi. Nafasi ikiwa kubwa gitaa linakuwa gumu, na isipokuwepo kabisa uzi unavuma. Mwishoni alikichomoa kile kipande cha daraja, ambacho upande wa nyuzi nene kilikuwa kimeinuka kidogo, akakigeuza na kukirudisha. Alinitoza shilingi 30,000, na nyuzi mpya nilizinunua mwenyewe.

Kasoro ilikuwepo. Uzi wa kwanza aliuweka karibu mno na ukingo wa shingo, na kila nilipobonyeza kwa nguvu uliteleza na kutoka nje ya ubao. Nilipomrudishia alichonga kipande kingine bila malipo na bila kunung'unika, akisema cha kwanza kilikuwa cha kujifunzia. Kipande cha pili hakina tatizo. Anayempelekea kazi hii fundi asiye mzoefu amwonyeshe kabla ya kuanza kwamba nyuzi za pembeni zisogee ndani kidogo, na apime kutoka kwenye kipande cha zamani.

Nyuzi mpya za nailoni zitamchosha anayeanza kwa siku za mwanzo, kwa sababu zinavutika, na unaweza kulityuni gitaa, yaani kuzilinganisha sauti za nyuzi, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukakuta limeshuka. Hilo halitokani na kugeuzwa. Endelea kulityuni kwa programu ya simu, nazo zitatulia. Hakikisha tu kwamba nyuzi tatu nyembamba zimefungwa darajani kwa kuzungushwa mara moja zaidi kuliko zile nene, maana nailoni tupu huteleza.

Upande wa kujifunza umekuwa mwepesi kuliko nilivyoogopeshwa. Mwanafunzi wa kulia akiketi mbele ya mwalimu wa kulia, humwona kinyume, na inambidi ageuze kila kitu kichwani. Mimi nikiketi mbele ya mzee, shingo ya gitaa lake na ya langu zinaelekea upande mmoja, naye ananiwia kioo. Ninaiga vidole vyake bila kufikiri. Hata video za masomo nazitazama hivyo hivyo. Michoro ya kodi kwenye vitabu ndiyo inayosumbua, kwa kuwa imechorwa kwa watu wa kulia na inabidi uisome kana kwamba unaitazama kwenye kioo, ingawa nilipozishika kodi za msingi niliacha kuihitaji. Maandishi yanayotumia mistari sita na namba za freti hayana kushoto wala kulia na yanasomeka kama yalivyo. Vidoa vya kuonyesha freti vilivyochorwa ubavuni mwa shingo sasa vinatazama sakafu, kwa hiyo nilichora vingine upande wa juu kwa rangi nyeupe ya kucha ya dada yangu, kwenye freti ya 5, ya 7, ya 9 na ya 12.

Kiangazi cha Tabora ni adui wa gitaa lolote, la kushoto au la kulia. Hewa ikikauka, mbao husinyaa, na nilianza kuhisi ncha za freti zikichomoza na kukwaruza kiganja. Sasa ninaliweka ndani ya mfuko wake pamoja na kisanduku cha sabuni nilichokitoboa matundu, ndani yake kukiwa na sponji yenye unyevu iliyokamuliwa vizuri ili isidondoshe maji. Ncha hazijaongezeka tangu hapo.

Hasara kubwa ya gitaa la kushoto, na hii haiondolewi na fundi yeyote, ni kwamba linakutenga na magitaa ya wengine. Kwenye mazoezi ya kwaya gitaa moja hupita mikononi mwa watu kadhaa, kila mmoja akipiga wimbo wake, nami siwezi kulipokea wala wao hawawezi kulipokea langu. Vijana wenye bidii hapa mjini hujifunza kwa kuazima kabla hawajanunua. Mashoto hana nafasi hiyo, lazima awe na lake tangu siku ya kwanza na alibebe kila aendako. Anayekusudia kupiga kwenye bendi, ambako mara nyingi vyombo ni vya mwenye bendi, anapaswa kulitafakari hili kuliko jambo lingine lolote nililoliandika.

Kwa jumla ya gitaa, nyuzi na fundi, nimetumia fedha pungufu sana kuliko bei niliyotajiwa Dar es Salaam. Kile kipande cha plastiki cha kiwandani nimekihifadhi kwenye mfuko wa gitaa, kwa sababu nikipata siku moja uwezo wa kuagiza la kushoto, fundi ataweza kukirudisha mahali pake, kukigeuza tena kipande cha daraja pamoja na nyuzi, na gitaa hili likauzwa kwa mtu wa kulia. Anayefanya kazi kama hii asikubali kipande cha zamani kichongwe wala kitupwe.