Fundi alipima breli kwa macho

Tangu nirudi kutoka Dar es Salaam hasira haijapoa, kwa hiyo mnivumilie. Nilikwenda kwa wakala anayeuza na kutengeneza visomeo vya breli (nukta nundu), vile vinavyopandisha pini ili sisi tusioona tusome kwa kidole, nimebeba changu cha seli 20, yaani nafasi 20 za herufi, ambacho kila siku nakiunganisha na simu kwa Bluetooth na kompyuta ya shuleni kwa waya. Nimerudi nacho kibovu vilevile, na hela ya ukaguzi nimeiacha huko.

Ubovu wenyewe ukiuhadithia unaonekana mdogo. Seli ya saba, nukta ya nne haipandi. Basi. Wanaosoma nukta nundu wameshaelewa balaa lake, wengine nitawaeleza. Kila herufi ni mpangilio wa nukta zenye namba 1 hadi 6, na herufi m ni nukta 1, 3 na 4. Ikikosa ya 4 inabaki k. Kwa hiyo "mali" ikianzia hapo nasoma "kali", na "mama" nasoma "kama". Kwenye maneno nakisia na kuendelea. Kwenye tarakimu hakuna cha kukisia, maana tarakimu zetu ni herufi a hadi j zikitanguliwa na alama ya namba: 3 inageuka 1, 4 inageuka 5, 6 inageuka 2, 7 inageuka 8. Zote ni namba za kweli, hakuna hata moja ya kukushtua. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu. Mwenzetu mmoja alituma 60,000 kwa M-Pesa, kidole changu kikasoma 20,000, naye anaapa ametuma yote. Nikairudia meseji kwa sauti: elfu sitini. Mama wa watu alikuwa ameshaanza kulia.

Sasa sikilizeni ya wakala. Niliongozana na mtoto wa kaka yangu. Kijana wa kaunta akamuuliza yeye: "Mama ana shida gani?" Nikajibu mimi. Akamgeukia tena mtoto: "Mwambie akizime kwanza." Mtoto akasema, "Kaka, shangazi anakusikia." Haikusaidia kitu. Kifaa nimekinunua kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara wangu, na habari zake zote anaelezwa mtoto.

Akaja fundi. Akakichomeka kwenye kompyuta yenye NVDA, programu inayowasomea skrini wasioona, akafungua kile kidirisha kinachoonyesha kwenye skrini breli inayotumwa kwenye kifaa, akatazama, akasema kizima, herufi zote zinaonekana. Nikamweleza kwamba skrini inaonyesha kile kompyuta ilichotuma, haiwezi kujua kama pini imepanda. Weka kidole hapa, seli ya saba. Hakuweka. Akamwambia mtoto kwamba vifaa hivi vinaharibika kwa sababu vinashikwashikwa mno.

Vinashikwashikwa! Kisomeo cha breli! Sasa kisomwe na nini?

Pini hizo husukumwa na vipande vyembamba vinavyopinda vikipewa umeme, nami naishi Dodoma, vumbi mnalijua. Kutafuta kama kuna uchafu kwenye tundu au seli imekufa, hiyo ndiyo kazi niliyompelekea. Yeye akafunga mfuko, akamalizia kwa mtoto: "Siku hizi si simu zinaongea? Breli ya nini tena?"

Sauti naitumia na naishukuru. Lakini mimi ni mwalimu. Nikiwa darasani siwezi kuziba masikio kwa hedifoni nisikilize andalio la somo huku nafundisha. Kidole kinasoma, mdomo unafundisha, masikio yanabaki kwa wanafunzi. Kwenye daladala nataka kujua salio langu bila abiria wote kulijua. Nikisahihisha insha nataka kuona "huwa" imeandikwaje, herufi kwa herufi, siyo kusikia ilivyotamkwa. Mtu anayekula kwa kutengeneza breli anauliza breli ya nini!

Kifaa chenyewe, jamani, nakipenda. Naandika meseji kwa vibonye sita simu ikiwa mkobani. Kwa Android mambo yamerahisika, maana tangu 2022 TalkBack, ile programu ya Android inayosoma skrini, imewekewa breli ndani yake, ile BrailleBack ya kupakua pembeni hatuihitaji tena. Ila kwenye mipangilio wekeni jedwali la breli isiyofupishwa, yaani kila neno linaandikwa herufi zake zote. Mkiacha la ufupisho wa Kiingereza, herufi moja ikisimama peke yake inageuka neno zima la Kiingereza katikati ya Kiswahili chenu.

Je, mnunue? Nilikaa kuandika haya nikitaka kusema ndiyo bila kusita. Sasa nasema msinunue kabla ya kufanya hivi mbele ya muuzaji: fungua daftari la kifaa, bonyeza vibonye vyote sita kwa pamoja, rudia hadi mstari ujae, kisha pitisha kidole. Kila seli iwe na nukta sita. Halafu uliza nani anayebadilisha seli ikifa, na kama anasoma breli. Kama hasomi, ondoka.

Hapana, hilo la kuondoka nalifuta. Uende wapi? Mimi mwenyewe mlango wa pili siujui, na bila kifaa hiki nisingeingia darasani kesho. Nunueni. Nakereka kuandika hivyo, kwa sababu wakala yuleyule atakula hela yenu, lakini bora breli yenye seli moja mbovu kuliko kukosa breli kabisa, na namba za pesa mzihakikishe kwa sauti kama ninavyofanya sasa, kila meseji.

Dai langu liko palepale. Seli ya saba ibadilishwe, na hela ya ukaguzi irudi, kwa sababu hakuna aliyekagua.