Adapta ya dola 38 kati ya mashine ya kuchomelea na soketi ya draya: uzoefu wangu

Nilijifunza kuchomelea Gerezani, Dar. Mashine tuliiwasha kwa kupachika nyaya uchi kwenye meni swichi, na mmoja wetu akasimama pembeni na kipande cha mbao kikavu, tayari kumkung'uta mwenzake akinaswa. Sasa niko Houston, nyumba ya kupanga, na soketi za kawaida za huku zinatoa volti 120 tu. Volti 240 nazipata sehemu moja: gereji, nyuma ya draya, ile mashine ya kukaushia nguo.

Mashine yangu ya kuchomelea ni inveta (ndogo, ya kielektroniki) ya vijiti, yaani elektrodi, ampea 140. Kwa majina ya plagi za Marekani, yake ni aina ya 6-50 (ya ampea 50), soketi ya draya ni 14-30 (ya ampea 30). Haviingiliani, ndiyo maana nikaagiza adapta.

Ya kwanza niliirudisha siku ileile. Tangazo liliisifu kuwa ya kazi nzito, lakini kwenye ganda la waya pameandikwa 12/3, yaani nyaya tatu za namba 12. Saketi ya draya ina breka (swichi inayojikata umeme ukizidi) ya ampea 30 na waya wa shaba namba 10 ukutani. Kwa vipimo vya Marekani, namba ikipanda waya unakonda. Sasa ukiunga waya mwembamba mbele ya breka ya 30, waya utapata moto na breka imetulia tu. Ya pili, hii ya dola 38, imeandikwa 10/3. Nimeitumia miezi minne na haijawahi hata kuwa vuguvugu.

Kabla ya kuchomeka nilisoma kibati cha nyuma ya mashine: I1max 27, I1eff 15. Ya kwanza ni ampea inazovuta ukiifungulia mpaka mwisho. Ya pili imezingatia mapumziko, maana kwa nguvu hiyo inachomelea dakika 3 tu katika kila 10. Kwa breka ya 30 inatosha. Vijiti vya milimita 2.5 kwa ampea 80 inakula bila kelele, na fremu ya trela yangu nimeimaliza hivyo.

Jumamosi moja jirani yangu wa mtaani, Mkenya, akaleta mashine kongwe ya transfoma, ampea 225. Plagi ikaingia kwenye adapta vizuri kabisa. Akagusisha kijiti, akakikandamiza kidogo, breka ikaruka. Kuangalia kibati: inataka ampea 50! Akaniambia, "Kaka, si tubadilishe tu breka tuweke ya 50?" Nikamkatalia. Waya wa ukutani ungebaki ni uleule namba 10, na breka iko pale kuulinda huo waya.

Halafu akataka kuiazima adapta. Kwake soketi ina matundu matatu, ya zamani: laivu mbili na nyutro, ethi hakuna. Yangu ina manne, na adapta inaiacha nyutro, inachukua laivu mbili na ethi. Zipo adapta za matundu matatu pia, zinaifanya nyutro ndiyo ethi ya mashine. Nyutro hiyo ikilegea, bodi ya mashine haina kinga. Laivu ikigusa bodi, umeme unapita kwako. Nikamwambia amwite fundi umeme avute waya wa nne kwanza. Alininunia wiki nzima.

Nakata nyota moja kwa jambo ambalo muuzaji hakulitaja popote: soketi ya draya haikutengenezwa kwa kuchomolewa kila siku. Yangu imeanza kulegea, na soketi iliyolegea huchemka, kwa hiyo mwenye nyumba amekubali ibadilishwe. Siku hizi nazima breka kwanza ndipo nichomoe. Draya naisogeza mbali na kufagia vumbi la nguo nyuma yake, maana linashika cheche kama pamba.

Mke wangu yeye hana habari na nyota. Amebandika karatasi kwenye mlango wa gereji: Jumapili ni ya nguo.